Wikendi ya Feri: Kitabu, Leso na Bhalo

Jumamosi nilivuka Feri kwenda Likoni na kurudi, bila shughuli yoyote ng'ambo. Kwa miguu ni bure, upepo upo, na kitabu ninacho.

Nilichosoma: Peponi ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Nobel 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Ida Hadjivayanis akaitia Kiswahili. Yusuf, mtoto mdogo, anawekwa rehani kwa tajiri kwa deni la babake. Wallahi, nilikifunga katikati ya maji nikawa natazama kila mtoto aliyeshikwa mkono.

Nilichonunua: leso, Biashara Street. Nilipenda rangi, jina sikulisoma. Nikampelekea shangazi. Akalisoma, akaikunja, akanirudishia. Kumbe ni kijembe, na yeye na mama hawasemezani tangu Ramadhani. Alidhani nimetumwa!

Kilichonipoza: taarab. Jumapili nilirudi kuomba radhi. Hakujibu. Aliweka nyimbo za marehemu Juma Bhalo, akaanza kunifumbulia mafumbo, moja baada ya jingine. Nilipoaga alinipa mahamri: "Mpelekee mamako."

Maoni yangu ni haya: Kiswahili tumekiachia mtihani. Tunakivaa, tunakicheza harusini, tunakiposti, lakini hatukisomi. Halafu twashangaa wakubwa wakigombana kimyakimya sebuleni mbele yetu na sisi hatuna habari.

Leso nimebadilisha. Hii mpya nimeisoma mara tatu kabla ya kulipa.

Na ile iliyo kabatini kwenu, yasemaje?