Mama Tembo na Mama Kimburu, Nani Mzazi Bora?

Wiki hii tuwaache kidogo akina dada na akina kaka wa mjini, tuingie porini. Na huko nako mambo ya uzazi si mchezo!

Tembo na kimburu, yule paka pori ambaye ukoo wake ndio uliozaa paka wa majumbani, wote ni mamalia. Maana yake wananyonyesha. Basi, undugu unaishia hapo. Tembo dume mkubwa anafika tani 6, kimburu ana kilo kama 5 hivi. Ukitaka mizani ilingane, upande wa pili panga vimburu 1,200!

Tuje kwenye uzazi. Mama tembo anabeba mimba miezi 22. Wewe unayelalamikia miezi tisa, upo? Akijifungua ni mtoto mmoja wa kilo kama 100, na hukaa miaka 4 au 5 kabla ya kupata mwingine. Tena matiti yake ni mawili tu, yapo kifuani kama ya binadamu. Uzazi wa mpango huo, na hakuna aliyempa semina.

Kimburu hana subira hiyo. Miezi miwili tu, watoto watatu hao, macho wamefumba. Kabla mwaka haujaisha kila mmoja anajitafutia panya wake.

Na akina baba? Hapo wote lao moja. Wakishapata walichokifuata, huyooo! Malezi ni ya mama. Tofauti ni kwamba mama tembo anasaidiwa na bibi, mama wakubwa na mama wadogo. Kimburu yuko peke yake. Akinaswa mtegoni, watoto shimoni kwisha habari yao.

Sasa tuache utani. Ujangili ulipopamba moto, tembo wa Tanzania walishuka kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014. Kwa mtoto mmoja kila miaka 4, pengo hilo linazibika lini? Tena jangili anataka meno makubwa, kwa hiyo anaanza na wazee, akiwemo bibi anayejua maji yako wapi wakati wa ukame.

Kimburu anazaa haraka, pengo la idadi analiziba. Lakini balaa lake limelala kwenye kochi lako, nalo ni paka wa nyumbani. Wakikutana vichakani wanazaa machotara, na damu ya kimburu inapotea kimya kimya. Tembo anahesabiwa kwa ndege, huyu nani anamhesabu?

Kwa hiyo ndugu yangu unayekaa jirani na pori, mpeleke paka wako kwa bwana mifugo akahasiwe. Na mzazi bora ni nani? Wote wawili wanajua kazi yao. Wanaowaharibia ni sisi.

Haya, tukutane wiki ijayo.