Silaha ni namba au ni mtutu? Swali linaloigusa Mwandiga

Taarifa za polisi kuhusu silaha zinazokamatwa katika mikoa ya magharibi mwa Tanzania zina maneno yaliyozoeleka kwa miaka mingi: bunduki aina ya SMG, magazini, idadi ya risasi, na mwishoni maelezo mafupi kwamba bunduki hiyo imefutwa namba. Msomaji wa mjini huyapita maneno hayo ya mwisho kwa haraka. Hata hivyo, huenda ndiyo yenye uzito kuliko yote, kwa kuwa bunduki isiyo na namba haisemi ilitoka ghala gani, iliingia nchini kwa njia ipi, wala nani alikuwa nayo kabla haijafika mikononi mwa jambazi.

Kwa wakazi wa Mwandiga hilo si suala la nadharia. Mji huo mdogo, nje kidogo ya Kigoma, ndipo barabara ya Manyovu, mpakani na Burundi, inapoachana na ile iendayo Kasulu kupitia Kidahwe. Upande wa magharibi liko Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake ni Kongo. Vita vya Burundi vilivyoanza mwaka 1993 na vile vya Kongo vya mwaka 1996 vilileta mkoani Kigoma mamia ya maelfu ya watu waliozikimbia bunduki, na baadhi ya bunduki zenyewe nazo zikavuka mipaka hiyohiyo. Ndiyo maana kuna miaka ambayo mabasi ya Kasulu na Kibondo yalilazimika kusindikizwa na polisi wenye silaha.

Swali la msingi ambalo huulizwa kwa nadra ni hili: sheria inaposema "bunduki", inakusudia kipande kipi hasa?

Kwa SMG, jina ambalo polisi wa Tanzania hulitumia kwa bunduki za ukoo wa Kalashnikov, jibu lilionekana rahisi. Mwili wake ni mmoja, na namba hugongwa ubavuni mwa mwili huo. Viwanda vingi vilirudia namba hiyo, au tarakimu zake za mwisho, kwenye bolti na kwenye kifuniko cha juu. Bunduki yenye namba zisizolingana humwambia mpelelezi kwamba imeundwa kwa vipande vya bunduki zaidi ya moja.

Bunduki za kisasa zimeivuruga hesabu hiyo. AR-15, iliyobuniwa Marekani na Eugene Stoner wa kampuni ya ArmaLite katika miaka ya 1950, na ambayo ndiyo chimbuko la M16 na M4 za jeshi la nchi hiyo, ina mwili wa vipande viwili vinavyoshikanishwa kwa pini mbili. Cha chini kina kifyatulio na mahali pa kuchomeka magazini. Cha juu kina mtutu na bolti. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, kipande cha chini ndicho chenye namba na ndicho kinachohesabiwa kuwa bunduki. Kipande cha juu, ambako risasi hulipukia na kutokea, huweza kununuliwa na kuletwa nyumbani kama kifurushi kingine chochote.

Kutokana na hali hiyo, mnunuzi wa Marekani huchagua kipande cha juu kama fundi achaguavyo vipuri. Kipo chenye mnara wa chuma wa kulengea uliosimama daima mbele, na kipo kilicho bapa juu, chenye reli ya kufungia kioo cha nukta nyekundu. Kioo hicho, ambacho kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilikitoa mwaka 1975, hakikuzi taswira. Humwonyesha mlengaji nukta ya mwanga, akalenga macho yote mawili yakiwa wazi, bila kusumbuka kuoanisha chuma cha nyuma na cha mbele. Kwa kuwa betri huisha na kioo huvunjika, wengi hubakiza vilengeo vya chuma vya kukunjwa kama akiba. Mwenye mnara uliosimama huuona ndani ya kioo kila alengapo, na wapo wanaouona kuwa kero.

Je, kioo hicho nacho kisajiliwe? Kwa mantiki ya udhibiti, hapana. Bunduki hufyatua risasi bila kioo, ilhali bila mtutu au bolti ni chuma tu. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto ya mwaka 2001 ilifuata mantiki hiyo: katika vipande vya lazima iliutaja mtutu, mwili, bolti na kifaa cha kupunguza mlio, lakini si kilengeo. Umoja wa Ulaya, katika mabadiliko ya mwaka 2017, ulikwenda mbali zaidi na kutamka bayana kwamba mwili ni pamoja na kipande cha juu na cha chini. Kuorodhesha kila skrubu kungewachosha makarani na kumwacha mhalifu akitembea. Kuorodhesha kipande kimoja tu kunampa mhalifu huyo mlango wa nyuma.

Ujiji inalo funzo la kale kuhusu sheria inayochagua vibaya. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mwanya kwa zile za gumegume zisizo na michirizi ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Wakubwa wa Ulaya walizihofia zaidi bunduki zilizokuwa bora wakati ule. Leo gobore, ambalo mafundi wa vijijini hulitengeneza kwa mikono na ambalo halina namba ya kiwanda chochote, bado hukamatwa mara kwa mara mikononi mwa majangili.

Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 2004 na kuanza kutumika Mei 2006, inazitaka nchi wanachama, Tanzania ikiwamo, kuhakikisha kwamba silaha inatiwa alama kiwandani, inatiwa nyingine inapoingizwa nchini, na kwamba zile za dola nazo zina alama. Tanzania ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi mwaka 2015, badala ya ile ya mwaka 1991. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2005 kuhusu ufuatiliaji wa silaha unataka alama iwe kwenye kipande ambacho kikiharibiwa bunduki haifai tena, na unahimiza kutia alama vipande vingine kama mtutu. Neno "unahimiza" ndilo udhaifu wake. Juni 2024 nchi wanachama zilikubaliana kuunda kundi la wataalamu kuchunguza changamoto za teknolojia mpya za silaha.

Wapo watakaosema kwamba namba haimzuii jambazi kufyatua risasi. Ni kweli. Lakini namba humfichua aliyempa bunduki, na huyo ndiye anayeweza kumpa mwingine kesho. Aidha, anayefuta namba moja kwa tupa ana kazi ya dakika chache. Anayelazimika kufuta alama za mwili, bolti na mtutu ana kazi kubwa zaidi, na huenda akasahau moja. Hata iliyofutwa, maabara huweza wakati mwingine kuisoma, kwa sababu mgongo wa nyundo huacha mgandamizo ndani ya chuma.

Kwa hiyo, mafanikio ya udhibiti katika njia panda kama Mwandiga hayapaswi kupimwa kwa wingi wa bunduki zinazopangwa mbele ya kamera pekee. Kipimo cha haki ni idadi ya zile ambazo safari yake ilifuatiliwa hadi kwa mtu wa kwanza aliyezipotosha, awe mfanyabiashara, askari au mlinzi wa ghala. Pasipo hilo, kila bunduki inayokamatwa itaacha nyuma yake njia iliyo wazi kwa nyingine kupita.