Lango la Ubongo

Wako wasemao kwamba kijana wa Kipsing, katika nchi kavu ya Isiolo, hana haja ya kujua habari za mawimbi ya sauti yafunguayo lango la ubongo. Na afunzwe, wanasema, kuchimba maji na kutibu mbuzi. Elimu ile ni anasa ya matajiri. Neno hili lina sura ya huruma, lakini moyo wake ni dharau.

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Kuta za mishipa midogo ya damu ubongoni zimeshikamana mfano wa boma la miiba. Boma humzuia fisi. Lakini mifugo ikiugua usiku, humzuia pia aletaye dawa. Ndivyo dawa nyingi zinavyofika langoni zikarudi. Siku hizi wataalamu hutia viputo vidogo mno katika damu, kisha huelekeza mawimbi ya sauti isiyosikika mahali pamoja kichwani. Viputo hutikisika, lango hufunguka, dawa hupita. Na baada ya siku moja hivi lango hujifunga. Mwaka 2015 jambo hili lilifanywa Toronto, Kanada, kwa mgonjwa wa uvimbe wa ubongo. Januari 2024 madaktari wa West Virginia, Marekani, walitangaza habari za wagonjwa 3 wa Alzheimer. Haya ni majaribio bado, si tiba iliyokamilika.

Je, lango hilo halituhusu? Ugonjwa wa malale na utoe ushahidi. Vijidudu vyake viingiapo ubongoni, dawa ya suramini haiwezi kuvifuata. Tangu 1949 ilitumika melarsoproli, dawa yenye sumu ya aseniki. Ilipita langoni, lakini iliua takriban mgonjwa 1 katika kila 20. Kwa malale ya Afrika Mashariki iliendelea kutegemewa miaka zaidi ya 70, mpaka Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza vidonge vya feksinidazoli mwaka 2024, baada ya majaribio ya Malawi na Uganda. Ugonjwa wa maskini ulingoja sana mlangoni kwa sababu wenye elimu ya mlango walikuwa mbali nao.

Basi maji na yachimbwe Kipsing, na mbuzi watibiwe. Lakini aliyekosa maji hakukosa ubongo. Kijana, jifunze habari za lango hili. Asiyejua lango la nyumba yake huingia kwa hisani ya wengine.