Helsinki hadi Tokyo: Safari iliyorefushwa na vita

MSAFIRI aliyepanda ndege jijini Helsinki, Finland, mwezi Januari 2022 kuelekea Tokyo, Japan, alitarajia kufika baada ya saa 9 na nusu hivi. Aliyesafiri miezi miwili baadaye alikaa angani karibu saa 13. Miji hiyo haikuhama. Kilichobadilika ni ruhusa ya kupita.

Kwa njia iliyo fupi kuliko zote, kati ya Helsinki na Tokyo kuna takriban kilomita 7,800, umbali usiopishana sana na ule wa Dar es Salaam hadi London. Sehemu kubwa ya njia hiyo iko juu ya Urusi. Finland, nchi yenye watu wasiofika milioni 6, iliigeuza bahati hiyo ya kijiografia kuwa biashara. Shirika lake la ndege, Finnair, ambalo Serikali inamiliki zaidi ya nusu ya hisa zake, lilijinadi kuwa njia fupi kati ya Ulaya na Asia. Wageni kutoka Japan, Korea Kusini na China walitua Helsinki, kisha wakaunganisha safari za kwenda miji mingine ya Ulaya.

Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 24, 2022, nchi za Umoja wa Ulaya zilifunga anga zao kwa ndege za Urusi. Moscow nayo ikajibu kwa kuzifungia nchi 36. Machi 9 Finnair ilirejesha safari za Tokyo kwa njia ya mzunguko: ama kaskazini, kupitia Ncha ya Kaskazini na kando ya Alaska, ama kusini, kupitia Uturuki, Asia ya Kati na China. Abiria waliopita kaskazini walipewa vyeti vya kumbukumbu. Kifuta jasho kidogo kwa saa tatu na nusu za ziada.

Kisheria, Urusi haikuhitaji kumwomba yeyote. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unalipa kila taifa mamlaka kamili juu ya anga yake, na Urusi haimo katika makubaliano ya kimataifa yanayoruhusu ndege za kigeni kupita bila kutua. Hata wakati wa amani, mashirika ya Ulaya yaliilipa Aeroflot ili yapite Siberia.

Wala jambo hili si geni kwa Wafini. Mwaka 1983, enzi za Vita Baridi, Finnair ilianzisha safari ya Tokyo bila kutua njiani kwa kuzunguka huko huko kwenye Ncha ya Kaskazini, kwa kuwa anga ya Kisovieti ilikuwa imefungwa. Muda wake? Takriban saa 13.

Kinachouma zaidi ni ushindani. Ndege za China ziliendelea kupita Urusi, hivyo zikafika mapema na kutumia mafuta kidogo. Mwaka 2024 British Airways ilisitisha safari za London hadi Beijing, na Virgin Atlantic ikaachana na Shanghai. Mashirika hayo yana soko la Marekani la kuegemea. Finnair, iliyojengwa juu ya njia moja, ililazimika kukodisha baadhi ya ndege zake pamoja na wahudumu kwa mashirika mengine, likiwamo Qantas.