Nani Anatoka Getini?

Hivi hodi ikipigwa getini saa nne usiku, kwenu nani anatoka? Nyumba nyingi ni dada wa kazi, peke yake, gizani. Mimi hilo nimelikataa, ndiyo maana kwangu tumefunga intakomu isiyo na waya.

Ukitaka kufunga, mwambie fundi ajaribu sauti kutoka getini hadi sebuleni kabla hajatoboa ukuta. Tofali za saruji na geti la chuma hupunguza nguvu ya mawimbi. Umbali ulioandikwa kwenye boksi mara nyingi ni wa sehemu ya wazi. Iwe na betri pia, maana umeme ukikatika hodi hazikatiki.

Halafu wewe na mwenzio pangeni zamu ya kujibu. Mkimwachia dada tena, mtakuwa mmenunua urembo wa ukutani tu.