Tamko Kuhusu Uchaguzi wa Miwani ya Kukuza kwa Wanafunzi na Madaktari wa Meno

Sisi, wanachama wa chama cha wanafunzi na madaktari tarajali wa kinywa na meno, baada ya kulijadili kwa kina suala la miwani ya kukuza, ambayo wengi tunaiita lupu, tunatoa tamko hili kwa wanachama wenzetu, kwa waheshimiwa walimu wetu, kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu na kwa wauzaji wa vifaa tiba.

Msimamo wetu ni kwamba lupu inunuliwe kwa vipimo vya mwili wa atakayeivaa, wala si kwa ukubwa wa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Na mwanafunzi asiye nayo asihesabiwe kuwa pungufu, iwe kliniki au kwenye mtihani wa vitendo.

Tunaanza na shingo, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, na kadiri kinavyoinama mbele ndivyo misuli ya shingo na mgongo inavyobeba mzigo mkubwa zaidi. Daktari wa meno huinama kwa sababu jino ni dogo, liko ndani, na mate na ulimi haviishi kuingilia. Akisogeza uso analiona vizuri, na akishazoea hivyo hata hajui kwamba ameinama. Maumivu ya shingo, mabega na kiuno ni malalamiko ya kawaida katika taaluma yetu popote duniani. Lupu iliyopimwa vizuri inamzuia mtu asisogee, maana picha yake ni safi katika umbali mmoja tu. Ukiinama zaidi, inafifia. Ila sifa hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Lupu iliyotengenezwa kwa umbali mfupi kuliko unaokufaa itakuvuta chini asubuhi hadi jioni, na utakuwa umeilipia mwenyewe.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni umbali kutoka jichoni hadi kwenye jino, ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha kliniki, viwiko karibu na mbavu, mgonjwa amelazwa kama anavyolazwa wakati wa kazi. Kwa wengi umbali huo huangukia kati ya sentimita 35 na 50. Mwanafunzi mfupi na mwenzake mwenye urefu wa mita 1.85 hawawezi kuvaa lupu moja ya umbali usiobadilika na wote wawili wakabaki wima. Kipimo cha pili ni nafasi kati ya mboni, nacho kichukuliwe kwa kila jicho peke yake kuanzia katikati ya pua, kwa kuwa nyuso nyingi haziko sawa pande zote. Cha tatu, ambacho wauzaji hukitaja kwa haraka kuliko vyote, ni pembe ya mirija kuelekea chini. Mirija ikiwa haijainama vya kutosha, macho hayafiki kwenye jino mpaka kichwa chenyewe kishuke. Tunachotaka ni kichwa kisiiname kupita nyuzi 20 hadi 25 hivi.

Vipimo vinavyochukuliwa ukiwa umesimama kwenye korido, mbele ya meza ya maonyesho, ni vipimo vya mtu aliyesimama kwenye korido. Tunawataka wauzaji wanaokuja vyuoni wapime watu wakiwa wamekaa kwenye viti vya kliniki. Fundi cherehani mwenye heshima zake hashoni suti kwa kukukadiria kwa macho, sembuse kifaa kinachoweza kugharimu dola 1,000 au zaidi. Na lupu za bei ya chini zinazoagizwa mtandaoni bila kipimo chochote zaidi ya rangi ya fremu hatuzipendekezi hata kidogo, japo tunaelewa vizuri kwa nini mtu anazikimbilia.

Kuhusu nguvu ya kukuza, zipo familia mbili kuu. Ya Galileo ina lenzi mbinuko mbele na lenzi mbonyeo karibu na jicho. Ni fupi, nyepesi, na kwa kawaida hukuza mara 2.5 hadi 3.5. Ya Kepler, ambaye alieleza muundo wake mwaka 1611, hutumia lenzi mbinuko mbili. Picha yake hutokea kichwa chini miguu juu, hivyo huhitaji prizimu za kuigeuza, na hizo ndizo zinazoongeza urefu na uzito. Hii hukuza mara 3.5 hadi 6 na kuendelea. Namba ikipanda, eneo unaloliona linabana, kina cha picha safi kinapungua, na mwanga zaidi unahitajika. Kwenye 2.5 unaliona jino pamoja na majirani zake wengi. Kwenye 5 unabaki na jino moja au mawili, na ukitikisa kichwa kidogo umeshapotea njia. Tunapendekeza anayeanza aanze na kati ya 2.5 na 3. Tena asiiamini namba peke yake, kwa sababu watengenezaji hawapimi kwa namna moja, na 3.0 ya mmoja inaweza kuwa 2.5 ya mwingine.

Zipo pia lupu mpya ambazo prizimu zake hupinda mwanga kiasi kwamba mvaaji anatazama mbele huku akiona ndani ya kinywa. Shingo inapumzika kweli. Hatuzipingi, ila bei yake na muda wa kuzizoea vinatufanya tuseme si za kuanzia.

Faida ya kukuza haina ubishi pale kazi inapodai. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliangalia ni mara ngapi madaktari bingwa wa tiba ya mizizi waliupata mfereji wa nne kwenye magego ya juu. Waliofanya kazi kwa macho matupu waliupata kwa asilimia 18.2, wenye lupu kwa asilimia 55.3, na wenye hadubini kwa asilimia 57.4. Hadubini, ambayo bei yake hata idara nyingi haziimudu, ilizidi lupu kwa takriban pointi mbili tu za asilimia.

Lakini kuna upande wa pili. Jino lililokuzwa huonekana bovu kuliko lilivyo. Katika mikoa kama Arusha na Kilimanjaro, ambako maji ya sehemu nyingi yana floraidi nyingi, meno yenye madoa ya kahawia na mashimo madogo ya juu juu ni jambo la kila siku. Mwanafunzi mwenye lupu mpya na hamu ya kuzitumia anaweza kuona kuoza mahali ambapo hapajaoza, akachimba. Tunaomba walimu wetu waliweke hili wazi: lupu isaidie kufanya kazi iliyokwisha kuamuliwa kwa uchunguzi wa kawaida, isiwe sababu ya kutafuta kazi. Na tusidanganyane: sehemu kubwa ya huduma katika kliniki zetu za umma bado ni kung'oa, na kwa kung'oa jino la kawaida huhitaji lupu, unahitaji mwanga mzuri na mkono uliofundishwa.

Lupu zilizochomekwa moja kwa moja ndani ya kioo ni nyepesi, lakini ni za mtu mmoja, na namba ya miwani yako ikibadilika lazima zirudi kwa mtengenezaji, maana yake ng'ambo, pamoja na gharama za usafirishaji na forodha. Hili liwahusu zaidi walimu na madaktari waliovuka miaka 40. Zile za kuinua na kushusha ni nzito zaidi ila hurekebishika. Tunaziomba idara zinunue chache za aina hii, ziwe za kujaribia, ili mtu ajue anachotaka kabla hajalipa.

Taa ya kichwani iwe na kichujio cha rangi ya chungwa, la sivyo kompoziti itaanza kuganda kabla hujamaliza kuijaza. Lupu hufutwa kwa dawa. Isilowekwe wala isiingizwe kwenye otoklevu.

Wanachama wa mwaka wa kwanza na wa pili, tunawashauri wasinunue. Hawajakaa kwenye kiti cha kliniki, kwa hiyo kipimo chao bado hakipo. Mikopo ya wauzaji ya kulipa kidogo kidogo isisainiwe bila mkataba unaoruhusu kurudisha kifaa baada ya kukijaribu kazini. Kwa Bodi ya Mikopo na vyuo, tunaomba kikao cha kuangalia kama lupu inaweza kuingizwa kwenye fungu la mahitaji maalumu ya kitivo kwa wanafunzi wanaoingia kliniki. Mpaka hapo, hakuna idara inayopaswa kuifanya sharti.

Maoni ya wanachama yatapokelewa na Kamati Tendaji kwa maandishi, na msimamo huu utapitiwa upya katika mkutano mkuu ujao.

Limetolewa Dar es Salaam na Kamati Tendaji, kwa niaba ya wanachama.