Transfoma, Kompyuta ya Muziki na Umeme wa Mwisho wa Laini

Nyamisati, katika Wilaya ya Kibiti, ni bandari ya wavukao kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia, na mahali ambapo watu hungoja chombo hapakosi muziki. Zamani kazi hiyo ilifanywa na redio kaseti. Siku hizi kompyuta ndogo ya kibao kimoja, mfano wa Raspberry Pi iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, yaweza kubeba maelfu ya nyimbo za taarabu na dansi katika kadi isiyozidi ukucha, na kuzipeleka kwenye kikuza sauti. Kompyuta hiyo hula umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 5. Swali ninalotaka kulijadili ni volti hizo 5 zitoke wapi.

Wauzaji wengi hutoa chaja ndogo nyepesi. Ndani yake umeme wa laini hunyooshwa kwanza, kisha hukatwakatwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde ili upite katika transfoma ndogo mno. Ni ufundi wa akili nyingi, na chaja iliyotengenezwa kwa uaminifu hufanya kazi yake vizuri. Ile ya bei ya chini, iliyonyimwa vichujio ili senti chache zibaki mfukoni mwa mtengenezaji, hutapika mikwaruzo katika nyaya zote zinazoizunguka. Kwa sababu hiyo wapenzi wa muziki duniani wamerudia njia ya kale, yaani transfoma nzito ya chuma na shaba, dayodi nne, kapasita kubwa na kidhibiti cha volteji, nao hujiundia wenyewe.

Maoni yangu ni kwamba kazi hiyo yafaa kufanywa hapa kwetu, lakini si kwa sababu inayotajwa na wengi. Husemwa kwamba transfoma huufanya muziki uwe mtamu zaidi. Muziki uliomo katika kadi ni namba, na namba hazitakaswi na transfoma. Kelele za umeme hudhuru pale tu zinapopenya hadi kwenye kibadilishi kinachogeuza namba kuwa sauti, au kwenye waya wa ardhi unaoshirikiwa na kikuza sauti. Kibadilishi kizuri huwa na vichujio vyake. Mwenye nacho aweza kutumia fedha nyingi kununua ugavi wa umeme wa kifahari, asisikie tofauti yoyote.

Anayesikia tofauti mara nyingi ni jirani. Atafutaye usiku stesheni ya mbali katika masafa ya kati au mafupi hukuta chaja mbovu ya nyumba ya pili imeifunika kwa mvumo mzito, naye hudhani redio yake imeharibika. Transfoma haina tabia hiyo. Na sababu ya pili, ambayo kwangu ni kubwa zaidi, ni kwamba kila kiungo chake huonekana, hupimika na hubadilishika. Chaja iliyogandishwa kwa gundi ikifa hutupwa. Fundi wa redio wa Kibiti mwenye mita na chuma cha kulehemu aweza kuufufua ugavi wa transfoma hata baada ya miaka ishirini.

Tuitazame hesabu, kwa maana hapo ndipo wengi huteleza. Tuseme kompyuta na vifaa vyake vyahitaji ampea 2. Transfoma ya volti 230 kwa volti 9, yenye uwezo wa volti-ampea 50, hutoa kilele cha volti 12.7 hivi. Dayodi mbili zinazopitisha umeme kwa zamu hula karibu volti 2, zikabaki 10.7. Kapasita ya mikrofaradi 10,000 hujazwa mara 100 kwa sekunde, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na kila wimbi hunyooshwa pande zote mbili. Kati ya kujazwa na kujazwa, volteji hushuka kwa kadiri ya volti 2. Chini kabisa basi tunazo volti 8.7. Kidhibiti cha kawaida chenye nguvu ya kutosha, kama LM338, hutaka kiasi cha volti 3 juu ya zile 5 kinazozitoa, yaani 8. Tumepita, lakini kwa nafasi ndogo.

Sasa na tuuchukue umeme huo hadi mwisho wa laini ndefu, saa mbili usiku, taa zote zikiwaka. Volti 230 zikishuka kuwa 200, zile 9 huwa 7.8, kilele baada ya dayodi ni 9 tu, na bondeni tunabakiwa na 7. Kidhibiti hushindwa, mvumo wa hezi 100 huingia kwenye spika, na kompyuta huanza kulalamika kuwa imepungukiwa na umeme. Michoro iliyobuniwa kwa nyumba za Ulaya haimwonyi mtu jambo hili. Chaja nyepesi tuliyoilaumu, mara nyingi iliyoandikwa volti 100 hadi 240, haishtuki hata kidogo. Haki yake tumpe.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuongeza kapasita hadi mikrofaradi 22,000, mtikisiko upungue chini ya volti 1. Ya pili ni transfoma ya volti 12, lakini hapo kidhibiti kitateketeza wati 18 za joto ili kompyuta ipate wati 10, nacho kitahitaji bati kubwa la kupozea. Mimi ningechagua ya kwanza. Vilevile kidhibiti kikiharibika kwa kuungana ndani, volti zote 10 humiminika kwenye kompyuta na kuiua papo hapo. Kwa hiyo fyuzi na thairista ya ulinzi upande wa volti 5 si anasa. Upande wa laini fyuzi ya nusu ampea, ya aina isiyokatika upesi, yatosha, na kisanduku cha chuma hakina budi kuungwa na waya wa ardhi. Volti 230 huua, na anayejifunza asiziguse pasipo fundi wa umeme kusimama kando yake.

Ukivuka kuingia visiwa vya delta, ambako wengi hutegemea paneli za jua, shauri langu hugeuka. Betri ya volti 12 ni chanzo kitulivu kwa asili yake, na hakuna transfoma ya kujenga. Kuzishusha volti hizo hadi 5 kwa kidhibiti cha joto ni kuchukua wati 24 ili kutumia 10. Betri ya ampea-saa 50, ikitumiwa nusu tu ili idumu, itapiga muziki kiasi cha saa 12 na nusu. Kwa kishushio cha kukatakata umeme chenye ufanisi wa asilimia 90 itafika 27. Huko nunua kishushio kizuri, kiongezee koili na kapasita ya kuchuja, kisha kiweke mbali na redio.

Mto Rufiji sasa una bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliingiza umeme katika gridi mwaka 2024. Wanafunzi wa kidato cha nne wa Kibiti husoma transfoma na dayodi katika fizikia, mara nyingi ubaoni tu. Transfoma ya redio kaseti iliyokufa hupatikana kwa mafundi kwa bei ndogo. Mwalimu na aombe moja, darasa lilehemu ugavi mdogo wa nusu ampea, kisha wapime volteji ya laini na ya bondeni saa nne asubuhi, na tena saa mbili usiku, na kuziandika namba hizo katika daftari la shule.